Theluthi ya Sketi

Mwalimu wa hisabati alifika shuleni kabla ya kengele, vidole bado vina wino. Andalio la somo alilolikumbatia lilikuwa limemla siku tatu: swali la kwanza kwa wanaosuasua, la pili kwa wa katikati, la tatu la kumtoa jasho hata Profesa, yule wa dawati la mbele anayemaliza kila kitu kisha anaanza kupiga miayo. Wanafunzi themanini na saba katika chumba kimoja, na asiwepo hata mmoja wa kukaa bure.

"Dada, unajitesa," mwalimu mwenzake alimwambia. "Nakili la mwaka jana, badilisha tarehe, basi."

Lakini swali la tatu hakumtungia Profesa. Alimtungia Kimya, binti wa dawati la mwisho. Kwenye mitihani Kimya alikuwa bomu tupu, ila jioni alimkatia vitambaa shangazi yake mshonaji, na hakuwahi kuharibu hata kipande kimoja. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mwalimu mkuu: watoto kumi na mmoja wa kurudishwa darasa la chini, eti wasishushe wastani wa shule kwenye mtihani wa taifa. Shangazi alishasema, akirudishwa tena, shule basi, atakaa kwenye cherehani.

Mwalimu alimbembeleza mkuu wiki nzima mpaka akalegea. "Haya. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Binti huyo akijibu mbele yake, nalifuta jina."

Alhamisi ndiyo leo, na dawati la mwisho lilikuwa tupu. Madawati yote ya nyuma yalikuwa na mapengo. Mwalimu alimkimbilia mkuu mlangoni.

"Wale wa orodha nimewapa mafagio," mkuu alinong'ona. "Unataka mgeni aingie akutane na wale? Tuaibike?"

"Lakini ulisema..."

"Nilisema, ndiyo. Ingia, yuko nyuma yangu."

Mkaguzi alikaa kando ya mkuu, akafungua andalio. Darasa hakulitazama.

"Maswali matatu ya nini? Fomu ina nafasi ya swali moja."

"Watoto hawalingani, mheshimiwa."

"Fomu inalingana."

Jamani! Mwalimu alichukua chaki, akafundisha. Mwishoni akaandika ubaoni lile swali la tatu: kitambaa ni mita tano na nusu, sketi moja inakula robo tatu ya mita. Zitatoka sketi ngapi, na kitakachobaki ni sehemu gani ya sketi?

Penseli zilikwaruza. Profesa alifuta, akaandika, akafuta tena. Kwa mara ya kwanza muhula ule hakupiga miayo.

"Sketi saba, inabaki robo!"

"Robo ya nini?"

"Ya... ya sketi."

"Robo!" darasa zima liliitikia, na mkaguzi akakubali kwa kichwa.

"Theluthi."

Sauti ilitoka dirishani. Kimya alisimama nje, fagio mkononi. "Inabaki robo ya mita, mwalimu. Lakini vipande vitatu kama hicho ndivyo vinavyotoa sketi moja. Kwa hiyo ni theluthi."

Mwalimu aligeukia dirisha kwa furaha.

"Huyo nani?" mkaguzi aliuliza.

"Mfagizi wetu," mkuu alidakia. "Utuwie radhi, ana kimbelembele."

Ukosi wa sare ya shule ulionekana wazi shingoni kwa Kimya. Mkaguzi aliuona. Akamgeukia mwalimu, akasubiri. Lilihitajika neno moja tu, "mwanafunzi," lakini mwalimu alikuwa bado kwenye majaribio, na ripoti ya leo ndiyo ingemthibitisha kazini.

"Tuendelee," alisema, na aibu ikamshika palepale.

Kengele ilipolia, mkaguzi alimsukumia andalio. "Sehemu ya tathmini hujajaza."

"Somo ndio kwanza limeisha. Sijasahihisha."

"Andika limeeleweka kwa asilimia themanini. Wote wanaandika hivyo."

Akaandika. Mkaguzi akagonga muhuri.

Kimya alikuwa bado ukutani, chini ya dirisha, anakusanya takataka.

"Mwalimu, nilikosea?"

"Hapana. Umepata. Wewe peke yako ndiye uliyepata."

"Mbona hukusema?"

Mwalimu alifungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu. Alitaka kumwekea alama ya vema, kubwa, ya kuonekana kutoka mbali. Akatafuta pa kuiweka. Kimya hakuwa na daftari, alikuwa na fagio.

"Ngoja nimalizie upande wa vyoo," Kimya alisema. "Mkuu katukataza kuingia darasani mpaka mgeni aondoke."