Sikio Kando ya Kikombe

Mume wangu Mwaura ni mtu wa neno moja, likitoka limetoka. Na neno lake kwa binti yetu Natalie lilikuwa hili: maonyesho ya picha pale Nakuru yakiisha, brashi zifungwe, aende akauze mbolea kwenye duka letu. Natalie alinyamaza kama ninavyonyamaza mimi, na mimi nikinyamaza ujue kuna jambo.

Siku yenyewe tulikuta watu wamesongamana mbele ya picha yake. Hakuchora mtu, alichora chakula mezani. Kulikuwa na bakuli la njahi nyeusi, maharagwe anayopikiwa mama aliyejifungua, nami nikajijua mara moja. Kulikuwa na kibuyu cha uji cha marehemu mama mkwe, na ufa wake ulioshonwa. Pembeni kilikaa kikombe cha bati cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni. Kijijini kwetu Kabazi kila mtu anajua mwenyewe ni nani. Na kando ya kikombe, kwenye kisahani, sikio la mbuzi.

Kwetu mbuzi akichinjwa, sikio hupewa msichana ili awe msikivu. Natalie amelishwa masikio tangu aote meno. Mwanamume hawekewi sikio hata kwa mzaha.

Nikasema moyoni, leo ndio leo.

Jirani yetu Gathogo, ambaye hakuna kinachompita, akaangua kicheko. "Mwaura, si hiyo ni kikombe yako? Na sikio nayo? Kwani umekuwa msichana lini?"

Natalie alisimama palepale akimtazama baba yake, wala hakuinamisha kichwa. Jamani, nilijivunia mtoto huyo hadi nikasahau kuogopa.

Mwaura akakohoa. "Imewekwa hapo ndio mwenye kikombe asikie pia," akasema. "Na nimesikia. Huyo amechora hiyo kitu ni msichana wangu, Gathogo. Wako anachora nini?"

Nyumbani hakuligusia tena, nami sikumchokoza. Jumapili tukachinja mbuzi. Sahani ilipopita, Mwaura alilidaka sikio kabla halijamfikia Natalie, akalitafuna mbele ya ndugu zake wote, gegedu likilia.

"Duka tulitafutie mtu mwingine," akaniambia, mdomo umejaa.

Nilirudi jikoni nikamletea sikio la pili.