Kibao cha Shingoni

Jioni ile Kamusi alipanda ngazi za kituo cha lugha akiwa amechoka hadi kope za macho. Asubuhi alifundisha watoto wa shule ya msingi mpaka sauti ikamkauka, mchana akasahihisha madaftari, na sasa alikuwa anasubiriwa na watu wazima waliochoka kuliko yeye. Jina la Kamusi walimpa wao, kwa sababu ukiharibu neno la Kiswahili mbele yake atakukatiza akurekebishe, hata kama unamweleza habari za msiba.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi, na lilinuka mpira mpya mwaka mzima. Mlinzi wa benki alikuwa anasinzia na sare yake mwilini. Wengine walikuwa wanajikunakuna kwa uchovu. Na nyuma kabisa, karibu na dirisha, alikaa Mama Mdogo, mdogo wa marehemu mama yake Kamusi, anakohoa ndani ya kitambaa ili asisumbue watu.

Mama Mdogo alikuwa dobi wa hoteli. Mashuka yote ya hoteli ile yalipita mikononi mwake, katika chumba cha chini kisicho na dirisha, ndani ya mvuke na dawa ya kung'arisha nguo. Daktari alimwambia bila kuzunguka: mama, toka humo, au kifua chako kitakutoa chenyewe. Nafasi ilikuwepo, ya kutandika vyumba ghorofa za juu, kwenye madirisha na hewa safi. Lakini wanaotandika vyumba huzungumza na wageni, na wageni huzungumza Kiingereza. Kesho Msimamizi wa vyumba angekuja hapahapa kituoni kumsaili. Akishindwa, anarudi mvukeni.

Msamiati haukumsumbua. Kilichomtoa jasho ni vile vijineno vinavyofuata vitenzi. "Look" alikijua siku nyingi, ni kuangalia. Kikifuatwa na "after", kimekuwa kutunza. Kikifuatwa na "for", kimekuwa kutafuta. Kikifuatwa na "down on", mtu wa watu ameshadharauliwa. Mama Mdogo alikuwa akivikariri hata akikamua mashuka, na kila usiku vikamwagika.

Na hakuruhusiwa kuuliza kwa lugha anayoota nayo. Amri ya Mkurugenzi wa kituo ilikuwa Kiingereza tu, tangu mlangoni. Anayeteleza anavishwa kibao cha mbao chenye kamba ya katani, kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba aliyekivaa ni mvivu. Kilining'inia kwenye msumari kando ya ubao, kikimsubiri mtu.

Kamusi alimtazama mama yake mdogo. Midomo inacheza bila sauti, mkono unasugua kifua. Akaenda akafunga mlango.

"Haya," alisema. "Leo tunaongea kama watu."

Mlinzi alifumbua jicho moja. "Mwalimu, unaumwa?"

"Nimechoka. Sikilizeni. Kitenzi cha Kiingereza ni kama kijana wa mtaani. Usihangaike kujua yeye ni nani, uliza anatembea na nani. Akitembea na huyu, anatunza wazee. Akitembea na yule, anadharau watu."

"Huyo ni shemeji yangu mtupu," alisema Mlinzi. "Akiwa na dada yangu, haongei. Akiwa na mimi, hanyamazi."

Wakacheka, kicheko kile cha watu wasio na nguvu ya kucheka sana.

"Cha kwetu hakitaki wa kukisindikiza," aliendelea Kamusi, na sauti ikaanza kurudi. "Kinambeba mwenzake tumboni. Nimehama: umejua nimetoka. Nimehamia: umejua nimeingia. Irabu moja tu, na vyombo vimeshashushwa."

"Kwa hiyo wao vitenzi vyao havina tumbo?"

"Vina miguu. Msivicheke, ndivyo vilivyoumbwa. Ila usichukue kitenzi peke yake halafu ushangae kimekupoteza. Chukueni wawiliwawili, kama soksi."

Nyuma, Mama Mdogo aliacha kusugua kifua.

"Soksi ya mgeni ikirudi moja, mwanangu," alisema polepole, "hapo pana kesi. Naijua hiyo."

Akasimama. Akainamia kapu lisilokuwepo, akatoa nguo isiyokuwepo. "Hii naitundika. 'Hang', mwenzake 'up'." Akaiweka upande. "Hii naiokota sakafuni. 'Pick', mwenzake 'up' pia. Ee, kumbe huyu 'up' ana wake wengi! Sabuni imeniishia, huyu anatembea na wawili, 'run', 'out', 'of'…"

Darasa zima lilikuwa linamfuata kwa vidole. Hata Mlinzi alikuwa amekaa wima. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Aliingia Mkurugenzi, na nyuma yake mwanamke mwenye nembo ya hoteli kifuani. Msimamizi wa vyumba alikuwa anapita jirani, akaona amalize kazi ya kesho leo.

Mkurugenzi alitabasamu kwa ajili ya mgeni. Hakuuliza kitu. Alikitoa kibao msumarini, akaenda moja kwa moja kwa aliyekutwa amesimama na Kiswahili mdomoni.

"Utaratibu wetu," alimwambia Msimamizi. "Hapa hatuchezi."

Mama Mdogo aliinamisha kichwa mwenyewe, ili kamba ipite isivuruge kilemba. Kuinama kule ndiko alikokuona Kamusi. Ndivyo alivyoinamia mabeseni ya watu miaka yote akimlipia Kamusi diploma.

Msimamizi aliuliza kwa Kiingereza, taratibu: ukiingia chumbani ukakuta nguo za mgeni zimetapakaa sakafuni na sabuni hakuna, utafanya nini?

"I look…" alisema Mama Mdogo. "I look…" Mkono wake ulikuwa umekishika kibao kama mtu anayezuia mlango. Kikohozi kikampanda.

Kamusi alitoka mbele akaenda nyuma. Akaivusha kamba juu ya kilemba, kwa upole, akakidondosha kibao kwenye kapu la taka, juu ya vipande vya chaki.

"Mama Mdogo," alisema. "Soksi."

Mama Mdogo alivuta pumzi, akainamia lile kapu lisilokuwepo. Kwa Kiingereza cha polepole akasema nguo ataziokota, koti atalitundika, na kama sabuni imeisha ataifuata chini, na chumba atakitunza kama cha kwake. Kila kitenzi kilitoka na mwenzake. Kimoja kilitoka na soksi isiyo yake, lakini Msimamizi alikuwa ameshafunga kalamu.

"Na hicho kifua?" aliuliza Msimamizi, kwa Kiswahili.

"Ni mvuke tu, dada."

"Juu hakuna mvuke. Jumatatu njoo uchukue sare."

Viatu vyake vilishuka ngazi. Mkurugenzi alisubiri mpaka visisikike, ndipo akafuta tabasamu.

"Toa kibao kwenye taka," alimwambia Kamusi. "Kirudishe mahali pake, na uniombe radhi mbele ya darasa hili. Umenidhalilisha kwa mgeni. La sivyo, usipande tena ngazi hizi."

Mlinzi alitazama viatu vyake. Mama Mdogo alimvuta Kamusi mkono.

"Mwombe tu, mwanangu. Mimi nimeshapata. Ni neno moja, litapita."

Kamusi alihisi miguu inamwuma. Ingekuwa rahisi: samahani, niwie radhi, naomba msamaha. Yote yalikuwa ulimini, safi, yamepangwa. Alichukua kifutio, akafuta ubao kuanzia juu, akapangusa chaki mikononi, akabeba mkoba wake.

"Maneno ya kuomba radhi nayajua yote, Mkurugenzi, na yote nayaheshimu. Sitakupa hata moja. Siombi radhi."