Nakala ya Lori la Masafa

Masafa ndiye aliyeusikia mlio kwanza. Alikuwa amelala chali, kichwa kimeinuliwa kwa mito, macho kwenye skrini, na mkewe yuko jikoni anachuja uji.

"Bosi," aliita. Ndivyo alivyozoea kumwita mkewe, kwa utani uliokuwa karibu na ukweli. "Njoo uisikilize hii mashine yako."

"Imefanyaje?"

"Inagonga. Tak, tak, halafu kimya. Kama beringi inayokwisha."

Mkewe alikuja na chujio mkononi, akainama, akatega sikio. Hakusikia kitu ila feni ya kompyuta. Lakini hakubisha. Mtu aliyeendesha malori ya mizigo tangu ujanani, aliyeweza kulala fofofo huku injini inanguruma na akaamka ikibadilisha sauti, hakuwa mtu wa kubishiwa kuhusu milio. Hata hilo jina la Masafa alipewa na madereva wenzake kwa sababu safari fupi alikuwa anazikataa.

Wala hakuumia barabarani, na hilo lilimchoma kuliko lote. Alianguka kutoka kwenye ngazi, nyumbani kwake, akiziba bati lililovuja. Shingo ikavunjika. Alichobaki nacho ni kichwa, sauti, na vidole viwili vya mkono wa kushoto, ambavyo navyo vilikuwa na siku zao.

Kitanda chake kiliwekwa sebuleni kwa kuwa mlango wa chumbani ulikuwa mwembamba mno kukipitisha. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani na bomba la maji machafu. Ubavuni mwa kitanda ndipo ilipokuwa meza ya mkewe. Kazi yake ilikuwa uchapaji: alipanga tasnifu za wanafunzi na vitabu vya watu waliotaka kujichapishia wenyewe. Hapo ndipo alipofanya kazi, hapo ndipo alipomlisha mumewe, akamfuta, akamgeuza huku na huku mgongo usifanye vidonda, na usiku alitandika godoro lake hapo hapo chini. Kuna wiki alizopitisha bila kuvuka geti.

Kompyuta ilikuwa moja. Asubuhi ilikuwa ya mke. Mchana aliigeuza skrini ikaelekea kitandani, na Masafa akaingia barabarani.

Gemu lilikuwa la kuendesha malori. Mtaalamu wa viungo kutoka hospitali, dada mmoja mcheshi, alikuwa amemfungia kijiti cha usukani chini ya kidevu na swichi kwenye vile vidole viwili. Kisha akawa anakuja mara kwa mara kurekebisha: kidevu kikisogea kidogo usukani uzunguke kiasi gani, kidole kikitetemeka breki isishike ghafla. Walirekebisha, wakakosea, wakarudia, mpaka lori likamtii. Siku ya kwanza aliyopiga kona na tela zima bila kugusa kingo za barabara, Masafa alilia machozi ambayo hakuweza kuyafuta. Baadaye yule dada alipata kazi nchi nyingine akaondoka. Kazi yake yote ikabaki ndani ya kompyuta hiyo.

Siku chache baada ya ule mlio, skrini iliganda Masafa akiwa katikati ya mlima. Ilipozinduka, mkewe alimpigia simu fundi wa kompyuta.

"Shemeji, diski inakufa hiyo," fundi alisema. "Usiizime kabisa. Ukiizima inaweza isiwake tena. Tafuta diski ya nje, unakili vitu vyako leo leo."

"Huwezi kuja wewe?"

"Niko nje ya mji. Sikiliza, usitake kunakili kila kitu kwa pamoja, haitafika. Anza na kile ambacho ukikikosa utalia."

Ilibidi wifi yake aitwe akae na mgonjwa. Wifi alikuja akavua viatu mlangoni kama mtu anayeingia wodini, akaketi pembeni ya kiti.

"Usikawie, wifi," alisema. "Mimi kumgeuza kaka siwezi, na ile mipira yake ya mkojo hata kuitazama naogopa."

"Dukani tu. Naenda narudi."

Dukani hakukuwa na foleni. Muuzaji alimpa diski ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, na waya wake. Mke wa Masafa aliitia kwenye mkoba akashika njia ya kurudi. Alipofika kwenye kona ya mtaa wao, hakukata. Hakuwa ameamua lolote. Miguu iliendelea tu, nayo ilimpendeza kuisikia ikiendelea.

Ilimfikisha stendi ya mabasi. Alikaa kwenye benchi kati ya watu na mabegi yao, hakuna aliyemwita, hakuna aliyetaka maji wala kukunwa pua. Akashangaa jinsi mabega yake yalivyokuwa yamepanda juu, karibu na masikio. Akayashusha.

"Mama, twende!" kondakta mmoja alimwita. "Dirishani kuna nafasi."

"Linakwenda wapi?"

"Mpaka mwisho."

Alisimama. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi simu ilipolia.

"Wifi, uko wapi?" Sauti ilikuwa karibu kupasuka. "Mfuko wa mkojo umejaa! Sijui unafunguliwa wapi!"

Nyuma ya sauti hiyo alimsikia Masafa akisema polepole, "Mwache aje taratibu, nitavumilia."

Aliuondoa mguu. "Nakuja," alisema, na kondakta akampigia abiria mwingine kelele.

Alipofika, wifi alichukua mkoba wake bila kuaga vizuri. Mke wa Masafa aliumwaga mfuko, akanawa mikono, akachomeka diski. Kompyuta ilifikiri kwa muda mrefu kabla ya kuitambua. Tak, tak. Sasa hata yeye aliusikia.

Alifungua folda ya kazi zake, akachagua zote, akazituma. Mstari wa kijani ulitokeza, ukaanza kutambaa.

Masafa alikuwa anatazama kutoka kitandani. "Unanakili nini?"

"Mafaili."

"Ya nani?"

Mstari ulisogea kidogo, ukakwama, ukasogea tena.

"Bosi, nakuuliza. Lori langu liko humo?"

"Litafuata."

"Na mashine ikizimika kabla?"

"Basi itakuwa imezimika!" Alimgeukia. "Unataka nifanyeje? Humu mna kitabu kizima cha mteja, picha na kila kitu. Hiyo ndiyo kazi inayotuweka mjini. Wewe una gemu."

"Gemu." Masafa alilirudia neno hilo. "Ile ndiyo miguu yangu, wewe."

"Na hii ndiyo mikono inayokulisha. Nina nani mwingine wa kunipa mikono?"

Masafa alifumba macho. Hicho ndicho kitu pekee alichoweza kufanya akitaka kutoka sebuleni, na mkewe alikijua. Kwa kawaida angenyamaza, angeenda jikoni akagombane na sufuria. Safari hii alibaki kwenye kiti.

"Leo sikukawia dukani," alisema. "Nilikwenda stendi. Nilitaka kupanda basi."

"La wapi?"

"Sijui. Nilitaka nisirudi."

Feni ilizunguka. Upande wa pili wa ukuta, jirani alifungua bomba, akalifunga. Mke wa Masafa alingoja matusi, na moyoni aliyatamani, kwa sababu mtu akishatukanwa huwa ana haki ya kukasirika.

"Najua," Masafa alisema, macho bado yamefumbwa. "Sikujua ni leo. Ila najua. Hata mimi nikishaingia kwenye lile lori, kila mara nataka nisirudi. Ukija kuizima mashine unipe chakula, nakuchukia. Halafu unanipa kijiko na naona haya."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekwambia ili iweje? Ukishajua, utanilishaje?"

Mkewe alitazama mikono yake, kisha skrini. Kwa mkono usio na haraka alibonyeza, na mstari wa kijani ukakatika.

"Mipangilio yako imekaa wapi?"

"Sijui, mimi nilikuwa naendesha tu. Yule dada alikuwa anafungua nyaraka, halafu kitu kama wasifu wa dereva."

Alitafuta. Folda ya gemu ilikuwa na mafaili chungu nzima yenye majina yasiyosomeka, na kila alipobonyeza ilimbidi asubiri mashine igonge, inyamaze, igonge tena. Folda ya kwanza ilikuwa na picha tu za barabara. Ya pili ilikuwa tupu. Masafa alikuwa amefumbua macho na jasho linamtiririka kwenye nyusi. Mkewe alimfuta bila kuyatoa macho kwenye skrini.

"Hapo! Rudi juu. Hilo ndilo jina langu."

Lilikuwa limeandikwa Masafa. Alilinakili, na kwa mshangao wao lilikwisha palepale. Safari zote, malori yote, milima yote, vilikuwa vyepesi kuliko picha moja ya kitabu cha mteja. Akarudi kwenye folda yake. Mstari ulianza upya, ukafika katikati, ukasimama. Skrini ikaingia giza. Alingoja. Alingoja tena. Feni nayo ikanyamaza, na sebule ikawa kimya kiasi cha kusikia pumzi za mtu na mwenzake.

"Pole," alisema Masafa.

Fundi aliporudi mjini hakuwa na habari njema. Alitia diski mpya ndani ya kompyuta ile ile, akarudisha walichookoa. Nusu ya kitabu cha mteja ilikuwa imekwenda na maji. Mteja alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni ameanza kufoka, akakiona kitanda, akashusha sauti. Hilo lilimuudhi mke wa Masafa kuliko kufokewa. Alimwambia kazi itachapwa upya, na akaanza kuichapa siku hiyo hiyo.

Lori lilirudi na gereji yake na safari zake. Ila mpango wa kidevu haukuwemo. Ulikuwa umehifadhiwa kwenye programu nyingine ambayo hakuna aliyekumbuka kuinakili. Masafa alipogusa kijiti kidogo tu, lori liliruka likagonga ukuta. Akajaribu tena, likagonga tena.

"Basi, zima," alisema. "Hakuna anayejua kulirekebisha."

"Nifundishe nini kimekosekana."

"Wewe una kazi."

"Nifundishe."

Mchana huo na michana mingi iliyofuata mkewe aliketi kitandani kando yake, kipanya kwenye goti. Masafa alisema, usukani mwepesi mno, punguza, breki imechelewa, hapana, umezidisha, rudi. Mkewe alisogeza, wakajaribu, wakagonga. Siku nyingine walirushiana maneno mpaka wote wawili wakacheka kwa uchovu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkewe kuitazama ile barabara kwa muda mrefu, na alielewa kwa nini mtu angetaka kubaki kule. Alielewa pia kwamba yeye mwenyewe hakuitaka barabara ile. Alitaka yenye vumbi.

"Alhamisi mchana nitatoka," alimwambia siku moja, lori likiwa limesimama kwenye kituo cha mafuta. "Kila Alhamisi. Wifi nitamfundisha mipira na mfuko, apende asipende."

Masafa aliitazama pampu kwenye skrini. Kidevu chake kilitulia juu ya kijiti.

"Utarudi?"

"Alhamisi hii nitarudi," alisema. "Za mbele usiniulize leo."

Masafa alilitafakari jibu hilo, kisha akatikisa kichwa kukubali, na lori likayumba kidogo mbele ya pampu.

Wifi alifundishwa. Mara ya kwanza aliufungua mfuko vibaya, mkojo ukamwagika sakafuni, akapiga yowe, na kaka yake akacheka mpaka akakosa pumzi. Alhamisi ilipofika, mke wa Masafa alivaa viatu vya kutembelea akavuka geti. Hakwenda mbali. Alitembea mpaka miguu ikamuuma, akanunua machungwa, akarudi kabla giza halijaingia. Sebule ilikuwa ile ile, na harufu yake ile ile ya dawa na nguo zilizofuliwa, na kazi ya mteja ilikuwa inamngoja mezani. Aliketi akamenya chungwa, akampa mumewe kipande, naye akala kingine.