Vikopo Viwili vya Dawa ya Majani

Daktari aliweka rula ya plastiki kwenye kidonda cha sikio la Kitinda, akaguna. Akageukia kidonda cha shavuni cha dada yake, Mshonaji, akatabasamu. Mshonaji aliliona tabasamu hilo na halikumpendeza hata chembe. Yeye na mdogo wake walizaliwa na ualbino, wakaugua saratani ya ngozi katika mwaka uleule, wakapewa vikopo vinavyofanana vya dawa mpya ya majani. Mbona shavu lake linakauka na sikio la mwenzake linazidi kuchimbika?

"Daktari, vikopo hivi vina kitu kimoja?"

"Wengine wanapata dawa, wengine mafuta matupu. Nani kapata nini, hata mimi sijui. Ndivyo utafiti ulivyo, mama."

"Hujui, au husemi?"

Daktari akacheka. Mshonaji hakucheka. Tangu lini mpishi asijue alichopika? Tena hawa hawa ndio waliowatoa kwenye foleni ya upasuaji, ati vipimo visichanganyike. Hapana, hapa pana namna.

Walipofika nyumbani akanyoosha mkono. "Lete chako, shika changu."

"Na wewe je, dada?"

"Mimi nimekula chumvi nyingi. Lete, usinichoshe!"

Maneno ya ujasiri hayo. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, alijipaka mafuta ya mdogo wake, na kioo akakigeuzia ukutani.

Siku ya kupimwa, sikio lilikuwa limeanza kufunga. Shavu lilikuwa limefumuka upya. Rula ikaenda huku, ikarudi kule.

"Mmebadilishana," daktari akasema.

"Kumbe inaponya! Umeona kwa macho yako!"

"Siwezi kusema hivyo. Mmeniharibia utafiti. Nawatoa wote wawili."

"Nitoe mimi. Huyu mwachie kikopo chake."

"Dawa haijaruhusiwa, mama. Subirini iingie sokoni."

"Na upasuaji?"

"Mtaanza foleni upya, nyuma kabisa."

Muuguzi akaanza kukusanya vikopo. Kitinda, ambaye hajawahi kubishana na mtu mwenye koti jeupe, akachovya kidole kwenye kile kilichokuwa kinamponya, akajipaka sikioni haraka haraka.

Muuguzi akamnyooshea pamba.

"Futa, dada yangu. Hiyo ni mali ya utafiti."