Aliyebaki Kunywa Dawa

Simu ya msiba ilinikuta kwenye benchi la kliniki, nikimsubiri mjukuu wangu anywe dawa. Binti yangu, mama yake, amefariki huko mbali kwa mumewe.

Dawa yenyewe ni ya maji, kikombe kidogo. Wanapewa waliokuwa wakitumia unga wa kulevya, ili mwili usiutamani tena. Unainywa kila siku pale dirishani mbele ya nesi, kisha unasema neno ajue umemeza. Mjukuu wangu hamwachi nesi bila utani. Siku hiyo alisema, "Nesi, yule kikongwe pale ni mke wangu. Ana wivu, usinichekee sana."

Benchi zima likacheka. Nilimwacha naye acheke mpaka amalize, ndipo nikamwambia.

Alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa mikono yake ya fundi makochi, gundi imeganda kwenye kucha.

"Twende, Bibi. Twende sasa hivi."

Nesi alitoka chumbani kwake. Akapiga simu huku na huku, kwa vocha yake mwenyewe, kuuliza kama huko tuendako kuna kliniki ya dawa hii. Hakuna hata ya karibu. Na dawa ya kubeba hapewi aliyeanza karibuni kama yeye. Kwenda, kuzika na kurudi, angekaa karibu wiki bila kunywa.

"Nitavumilia arosto, hata mwili ukiniuma wote kwa kuikosa," alisema.

"Mara ile pia ulisema utavumilia. Tukakuokota chooni stendi, umerudia unga, midomo imebadilika rangi."

"Bibi, ni mama yangu!"

"Na ni mwanangu. Nakwenda kumzika yeye. Wewe sitaki kukuzika."

Alinitazama kama aliyepigwa kofi na mtu ambaye hakumtarajia. Nilitamani ardhi inimeze. Nesi akamshika bega. "Kesho nitawahi kufika, kaka. Uje tunywe chai kwanza, halafu dawa."

Nikasafiri peke yangu.

Msibani, mwanangu wa kiume hakungoja hata nitue mkoba. "Teja wako yuko wapi, Mama? Hata kumzika mama yake kashindwa?"

"Amebaki anakunywa dawa."

"Dawa! Si unga ule ule, huu anapewa na nesi."

Nikatua mkoba, nikaingia ndani kwa waliokuwa wakilia. Makaburini wanawake wawili nisiowajua walinishika, huyu kulia, yule kushoto. Jeneza lilipoanza kushushwa nikampigia mjukuu wangu.

"Nimeshakunywa, Bibi," alisema haraka, kabla sijauliza.

"Wanamshusha sasa. Sikiliza, mume wangu."

Nikanyoosha mkono kuelekea kaburini. Mkono wa kizee haukufika mbali, na simu ikataka kuniponyoka. Mtu akaipokea. Alikuwa mwanangu. Nilidhani anaikata, lakini alipiga magoti ukingoni, na suruali yake nzuri, akaishusha simu karibu na udongo unaoporomoka.

Kijana alikuwa akilia humo ndani ya simu. "Mama. Mama, nisamehe."

 Machozi yalimtiririka mwanangu mpaka kidevuni.

"Tuko naye, mjomba," alisema. "Nitammwagia na udongo wa kwako. Usitoke huko uliko."