Viua Mia Saba na Tatu

Nakiri kwamba kwa miezi minne ya mwaka 1956 nilipanga chumba nyumbani kwa Bi Mastura, pale Ngamiani, bila kutambua kwamba kazi yake ilikuwa kuhesabu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, nikampita akidarizi kofia za viua, yaani vitundu vya nakshi, akivitoboa mamia kwa mamia bila kukosea safu. Lakini mimi nilikuwa na shahada, na shahada huziba macho vizuri sana.

Kazi yangu ilikuwa tukufu zaidi. Mtaalamu wa kituo kimoja cha kuchunguza nyota kusini mwa Afrika alikuwa amenitumia picha mbili zinazofanana za kishada cha nyota kilichomo katika galaksi jirani, ile tunayoiona kama kiwingu chini upande wa kusini. Nyota zilikuwa nukta nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Nikizihesabu kwa usahihi, angeniajiri kuwa msaidizi wake, nami ningeaga kufundisha darasa la tatu katika shule ya Makorora. Nilihesabu mara tatu, nikapata 611, 574 na 640. Kwa busara ya kisomi, nikachagua iliyonipendeza: 640.

Siku ya kwenda posta nilikuta picha ya pili imetobolewa kwa sindano, pembe hadi pembe. Nilimweleza Bi Mastura, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba ameharibu mbingu.

"Sijaharibu kitu, mwalimu," alisema, macho yakiwa kwenye kofia. "Kila nukta nimeitoboa mara moja, kama kiua. Iliyotobolewa hairudiwi. Ni mia saba na tatu. Wewe pale katikati, zilipobanana, ulikuwa ukidonoadonoa kama kuku."

Niliiinua picha dirishani. Jua likapenya katika kila nyota. Kila zilipotimia mia alikuwa ameshona uzi mwekundu. Nyuzi zilikuwa saba, na vitundu vitatu vimebaki peke yake.

"Sasa utaandika nani kahesabu?" akauliza.

Katika elimu yote ya nyota, hilo ndilo swali pekee nililolielewa papo hapo, na ndilo nililotamani nisilielewe. Nilichana barua yangu yenye 640, nikaandika nyingine kwa jina lake.

Mtaalamu alijibu akimsifu Bwana Mastura kwa umakini usio wa kawaida, akampa kazi. Mimi alinishukuru kwa kufikisha barua.

Tangu hapo picha huja kwa jina lake. Mimi bado nafundisha darasa la tatu, na kila zikifika humchukulia posta.