Jina la Evelina Kanisani

Muuguzi Hidaya ndiye aliyempa Evelina habari za kikundi, siku alipokuwa akimtoa plasta ya mkono uliovunjika. Evelina alikuwa amesema aliteleza kwenye matuta ya kabichi. Hidaya hakubisha. Alimwambia tu kwamba kila Alhamisi mchana, kule Lushoto mjini, watu wanaojaribu kuacha pombe hukutana kwenye darasa la chekechea, na yeye ndiye anayewasimamia.

"Na yanayosemwa mle?" Evelina aliuliza.

"Yanabaki mle. Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza."

Alikwenda. Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, na mwanzoni alisikiliza tu. Alimsikia Twaha, mkulima wa karoti kutoka Shume, akieleza kwamba nyumbani kwake wanaamini anaumwa vidonda vya tumbo. Alimsikia Mzee Martin, ambaye husali naye kanisa moja kijijini kwao, chini ya Mlalo. Ndipo naye akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: siku ya kumzika baba yake hakuwa na malaria kama alivyowatangazia ndugu zake. Alikuwa amelala jikoni, amelewa, hajiwezi.

Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi, mmoja wa wazee wa kanisa alisimama mbele. "Tumkumbuke dada yetu Evelina," alisema kwa upole. "Anasumbuliwa na pombe, hata ikamzuia kumzika baba yake mzazi."

Vichwa viligeuka. Cha kwanza kilikuwa cha Stephano, kaka yake.

Evelina alitoka kabla ya sadaka. Miguu ilimpeleka yenyewe hadi kilabuni, na mama muuzaji alipomwona mlangoni akaanza kusuuza kikombe. Evelina akakitazama kile kikombe. Akiingia, kesho watasema si mnaona, tulimwombea bure. Hasira ilimpanda hadi masikio yakamlia. Aligeuka akaenda nyumbani, akalima mpaka jua likazama, Jumapili ile ile, bila kujali nani anamwona.

Alhamisi aliingia darasani, akawasalimia wote isipokuwa Mzee Martin. Tangu azaliwe hakuwahi kumpita mtu wa umri ule bila shikamoo.

"Ni wewe," alimwambia.

Mzee Martin alishusha macho. "Niliwaomba wazee wakuombee, mwanangu. Sikujua watalitangaza."

"Mbona hukuwapa jina lako?"

Mzee aligeuka kumtazama Hidaya.

"Nakuuliza, baba. Wewe unakunywa tangu sijazaliwa. Kanisani unakaa benchi la mbele, watu wanakupisha njia. Ukaona dhambi ya kupeleka madhabahuni ni ya kwangu."

"Evelina," Hidaya alisema.

"Niache niseme, dada. Uliniambia yanabaki humu."

Twaha alisimama akachukua koti lake. "La huyu limefika kanisani. Langu litafika msikitini. Mimi siwezi." Akatoka, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Hidaya alisema aliyevunja sheria hana budi kuondoka. Mzee Martin akaanza kuinuka kwa shida kutoka kwenye kile kiti kidogo, bila kujitetea. Evelina alimtazama, akajua atapitia kilabuni kabla ya kufika kwake.

"Akae," alisema. "Simsamehi, msije mkanielewa vibaya. Ila Jumapili asimame pale pale, aseme habari yangu aliipata wapi, na yeye alikuwa anatafuta nini huko. Akithubutu kuwataja wengine, mimi na yeye tutajuana."

Jumapili Mzee Martin alisimama, ameshika benchi kwa mikono miwili. Alisema yeye ni mlevi wa miaka mingi, kwamba alisikia siri ya mwenzake mahali walipokuwa wakitafuta msaada, na kwamba aliitoa kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuitoa yake. Mke wake alijifunika uso kwa kitenge. Evelina alidhani atafurahi. Hakuona furaha yoyote.

Nje, Stephano alikuwa akimsubiri.

"Kwa hiyo haikuwa malaria."

"Haikuwa."

"Nilimwambia mchungaji asubiri kidogo, labda utapata nafuu. Jeneza likakaa juani." Alitema mate pembeni akaondoka, na hadi leo hawajazungumza.

Twaha hakuonekana tena kikundini, kwa hiyo Evelina alipanda gari kwenda Shume kumtafuta. Alimkuta shambani anang'oa karoti. Mke wake alikuwa mbali, upande wa pili wa shamba. Twaha alinuka pombe.

"Nimesharudia," alisema chini chini. "Usipoteze muda wako."

"Wote mle tumewahi kurudia."

"Na yule mzee?"

"Yupo. Bado nina hasira naye, kila nikimwona natamani kupiga kelele. Ila kiti changu simwachii yeye, wala usimwachie chako."

Twaha alipangusa udongo mikononi kwa muda mrefu. Alhamisi hiyo hakuja. Alikuja iliyofuata, amechelewa, akakaa karibu na mlango.